Korti ya zamani Bagamoyo: umri wa nyumba na umri wa mahakama

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi natembeza wageni Bagamoyo. Kikundi chetu kinataka kuweka bango kwenye nyumba moja ya mawe Mji Mkongwe ambayo kila mtu anaiita korti ya zamani. Wazee wengine wanasema aliijenga Mwarabu mwaka 1860, wengine wanasema ni ya Mjerumani, 1897. Mbele kuna mlango wa nakshi wenye maandishi ya Kiarabu, vyumba vya nyuma vina mihimili ya chuma darini, na kwenye paa la uani kuna vigae vya udongo vimegongwa 1865. Tuandike mwaka gani? Pia ukuta wa mbele unamomonyoka. Tukiupiga lipu ya saruji kwanza ili bango likae mahali pazuri, kuna ubaya?

Jibu: Marahaba. Bango lisubiri, na saruji isubiri zaidi. Katika miaka mitatu uliyoitaja, miwili inaelekea kuwa ya majengo ya jirani, na wa tatu ni wa kiwanda cha vigae India. Hakuna hata mmoja ambao leo unaweza kuusimamia mgeni akikuuliza umeujuaje.

Maswali yako ya historia ni mawili yaliyofungwa fundo moja: nyumba ilijengwa lini, na mahakama iliingia humo lini. Katika miji ya pwani mambo hayo mawili aghalabu hayakutokea mwaka mmoja. Korti nyingi zilihamia nyumba iliyokwisha simama, iwe ya mfanyabiashara, ya serikali au ghala lililopoteza kazi. Kwa hiyo chukua daftari, upande wa kushoto andika NYUMBA, upande wa kulia andika MAHAKAMA, na kila ushahidi utakaoupata uingie upande mmoja tu. Mlango, ukuta na boriti ni vya kushoto. Rejista za kesi, majina ya mahakimu na kumbukumbu za wazee kuhusu hukumu ni za kulia. Utashangaa jinsi ubishi wa wazee wenu unavyopungua: huenda kila upande unasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia ukurasa wake.

Mahakama kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi

Watu wanapotamka "korti ya Mjerumani" hufikiria nyumba maalumu, jaji mwenye joho, na washtakiwa waliopangwa kwenye benchi. Kwa Bagamoyo ya Wajerumani picha hiyo inahitaji ushahidi mzito sana. Mahakama yao ya wilaya kwa ajili ya Wazungu, iliyoitwa Bezirksgericht, mwanzoni ilikuwa Dar es Salaam na Tanga, na ya rufaa ilikuwa Dar es Salaam. Kama ungekuwa unauliza kutoka Tanga, kumtafuta hakimu wa Kijerumani aliyekuwa na ofisi yake mbali na ya utawala kungekuwa na maana. Bagamoyo, baada ya makao makuu ya koloni kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, ilibaki kuwa mji wa wilaya, na mwenyeji mwenye kesi alikwenda kwa mkuu wa wilaya. Yeye ndiye aliyetoza kodi, aliyepeleleza, na ndiye aliyehukumu. Hilo ndilo shauri, na lilifanyika bomani au barazani mwa boma. Amri ya Chansela wa Ujerumani ya tarehe 22 Aprili 1896 ndiyo iliyoweka mipaka ya adhabu kwa Waafrika: hukumu ya kifo ilitakiwa kuthibitishwa na Gavana, na viboko visizidi 25 kwa mkupuo mmoja. Wale "hamsa ishirini" waliobaki midomoni mwa watu ndio hao.

Makao ya utawala yenyewe yalihama. Mwanzoni Wajerumani walikaa nyumba ya Liku, kisha wakajenga Boma kati ya 1895 na 1897. Kwa hiyo kama kuna nyumba Bagamoyo inayostahili jina la korti ya Mjerumani bila ubishi, ni Boma. Chini ya mkuu wa wilaya walikuwepo liwali, akida na majumbe, na mambo ya ndoa na mirathi yalipita kwa kadhi. Hawa hawakuhitaji jengo la serikali, kwa sababu walisikiliza watu kwenye baraza za nyumba zao. Jambo hili lina uzito kwako: nyumba ya mtu binafsi inaweza kukumbukwa kuwa korti kwa sababu tu mwenyewe alikuwa liwali.

Waingereza waliiteka Bagamoyo tarehe 15 Agosti 1916. Amri ya Baraza la Mfalme ya 1920 ikaleta Mahakama Kuu, na chini yake bwana DC, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, akawa pia hakimu, kwa hiyo kesi nyingi bado zilikuwa bomani. Mabadiliko yanayoweza kuihusu nyumba yenu yalikuja na sheria ya mahakama za wenyeji ya 1929. Sheria hiyo iliziweka mahakama hizo mikononi mwa utawala: rufaa zilipanda kwa maofisa wa utawala hadi kwa Gavana, si Mahakama Kuu. Pwani, mahakama ya namna hiyo ilikuwa ya liwali. Liwali sasa ni mtu wa mshahara, ana karani, ana rejista, ana faini za kuhesabu na watu wa kuwafungia mahali hadi kesi iitwe. Shughuli hiyo haitoshi tena kwenye baraza ya nyumbani. Sheria ya mahakama za mitaa ya 1951 ikaendeleza mfumo huo, kisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, iliyoanza kazi 1964, ikazifuta mahakama za liwali na kadhi Tanganyika na kuleta Mahakama ya Mwanzo.

Ukinilazimisha kuweka dau kabla ya kuona karatasi yoyote, nitasema korti yenu ni ya liwali wa zama za Mwingereza, ikarithiwa na Mahakama ya Mwanzo. Dau si ushahidi. Ushahidi ni huu: nenda kwa karani wa Mahakama ya Mwanzo mliyonayo sasa, na barua ya kikundi mkononi, uulize rejista kongwe kabisa waliyo nayo au ilikopelekwa. Angalia jalada na ukurasa wa kwanza, muhuri unasema mahakama ya nani, na kama kuna jina la mtaa au kiwanja. Kesi za watu usizinakili. Majina ya wadaiwa na watalaka hayakuhusu, na wajukuu wao wako hapo mjini.

Tarehe za Bagamoyo huazimana

Ngome Kongwe hutajwa kuwa ya mwaka 1860 hivi. Misheni ya Wakatoliki ilianza 1868. Boma lilikamilika 1897. Miaka hii imerudiwa na watembeza wageni mara nyingi mno hata imekuwa kama chumvi, inatiwa kila chungu. Ukiona mwaka wa nyumba yenu ni uleule wa jengo mashuhuri lililo mwendo mfupi kutoka hapo, ushuku hadi upate sababu ya kuuamini.

Huo 1860 una kishawishi kingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. La baada ya hapo linahitaji kutangazwa na Waziri. Kwa hiyo mtu anayeipenda nyumba anaona bora iwe ya 1860 kuliko ya 1870. Nia njema, historia mbaya. Hata jengo la 1890 linaweza kulindwa kwa tangazo, na nyumba zilizomo ndani ya eneo la Mji Mkongwe haziguswi kiholela. Kamwe usipeleke kwa ofisi ya serikali umri uliovutwa.

Kuisoma nyumba yenyewe

Beba futi ya mita 30, tochi, msumari mmoja, kamera na karatasi za miraba. Kwanza chora ramani ya chini, sentimita moja kwa mita moja, na andika unene wa kila ukuta kwenye kila mlango na dirisha. Hii inachosha, lakini ndiyo kazi yenye faida kuliko zote. Ukuta wa matumbawe na chokaa wa kizamani huwa na unene wa sentimita 45 hadi 60. Ukikuta kuta za mbele ni 55 na za nyuma ni 40, una awamu mbili za ujenzi. Nenda zinapokutana. Mawe yakiwa yamefumana, moja linaingia huku na lingine kule, kuta zilipanda pamoja. Ukikuta mshono wima ulionyooka toka chini hadi juu, ukuta mmoja uliegemezwa kwenye mwingine baadaye. Mara nyingi mshono huo umejichora wenyewe kama ufa kwenye lipu.

Upana wa vyumba nao unasema. Dari la kale lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba na virefu, karibu mita 2.5 hadi 3 kwa upana. Chumba cha mita 5 kisicho na nguzo katikati kimebebwa na kitu kingine: chuma, mbao ndefu za kuagizwa, au zege lenye nondo. Wewe umesema mihimili ya chuma iko nyuma tu. Basi ninatarajia vyumba vya mbele ni vyembamba, vya nyuma ni vipana, na mshono upo katikati. Kama ndivyo, mzee wa "Mwarabu" na mzee wa "Mjerumani" wote wamepata sehemu yao.

Hiyo mihimili ipige tochi ubavuni kwa mshazari. Viwanda vya chuma vilikuwa vikichapa jina kwenye mhimili wakati wa kuuviringisha. BURBACH ni chuma cha Ujerumani. DORMAN LONG, pengine na MIDDLESBROUGH, ni cha Uingereza. Jina la Kijerumani linaunga mkono ujenzi wa kabla ya 1914, la Kiingereza linakuvuta baada ya 1916. Lakini chuma kinahama. Mhimili uliotolewa kwenye ghala lililobomolewa unaweza kuwekwa upya miaka 30 baadaye. Angalia ncha zake: ukiwa na matundu ya bolti yasiyofungwa chochote, au umekatwa kwa moto ili uenee, umetumika mahali pengine kabla ya kufika hapo. Kati ya mhimili na mhimili angalia kuna nini. Vijitao vya mawe au zege ya chokaa ni vya zamani. Matofali ya saruji yenye matundu ni ya zama za mwisho za Mwingereza au baada ya Uhuru.

Vigae vya 1865 ndivyo vinavyowapoteza wengi. Kiwanda cha vigae cha misheni ya Basel kule Mangalore kilianzishwa mwaka huo, na kiliugonga mwaka wa kuanzishwa kwake kwenye vigae vyake kwa miongo mingi, vikauzwa Afrika Mashariki kwa shehena. Wapinzani wake wa hukohuko Mangalore walifanya vivyo hivyo kwa miaka yao. Soma jina lote lililogongwa. Likitaja Basel Mission, kigae ni cha wakati misheni ilipokuwa bado inamiliki kiwanda. Likitaja Commonwealth, ni cha baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu viwanda vya misheni hiyo vilichukuliwa na kampuni ya Commonwealth Trust. Hata hapo umepata umri wa kigae, na kigae ndicho kitu cha kwanza kubadilishwa paa likivuja.

Mlango wa nakshi ni mali, na mali huhamishwa. Piga picha ya maandishi kwa mwanga wa pembeni, asubuhi au alasiri, umpelekee mwalimu wa madrasa anayesoma mwandiko wa zamani. Mwaka ukiwemo utakuwa wa Hijria. Uzidishe kwa 0.97 kisha jumlisha 622: mwaka 1277 unatoa 1860 na kitu, mwaka 1313 unatoa 1895 na kitu. Kisha kagua kama mlango umezaliwa na ukuta huo. Fremu ya asili imejengewa ndani ya mawe na lipu imekuja juu yake. Fremu iliyopandikizwa huzungukwa na viraka vya saruji, au kizingiti cha mlango hakilingani na tao lililo juu yake.

Mwisho tafuta alama za korti yenyewe ndani. Jukwaa la hakimu lililoinuliwa ngazi moja au mbili, alama za miguu ya kizimba sakafuni, chumba kidogo chenye dirisha la juu la nondo na mlango unaofungwa kwa nje, tundu la kupokelea pesa kati ya ofisi ya karani na baraza. Gusa jukwaa kwa msumari. Chokaa inakwaruzika ikatoa unga, saruji inakataa. Jukwaa la saruji juu ya sakafu ya chokaa linakuambia kwa lugha nyepesi kwamba nyumba ilitangulia na mahakama ikafuata.

Karatasi na picha

Anza na picha, kwa sababu hazidai kujua Kijerumani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni mkusanyiko wa picha za Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, na Bagamoyo imo. Unapotafuta andika pia Bagamojo, kwa "j", maana ndivyo walivyoandika mara nyingi. Ukiipata nyumba, au mtaa wake tu, hesabu madirisha, matao na nguzo za veranda, ulinganishe na ulichochora. Picha isiyo na tarehe bado ina faida: ikionyesha nyumba bila ghorofa au bila paa la bati, unajua kuna kilichoongezwa baadaye.

Karatasi zenyewe ziko Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga, Dar es Salaam. Majalada ya Kijerumani yana namba zinazoanza na herufi G. Uliza orodha ya majalada ya wilaya ya Bagamoyo, ya ujenzi na ya viwanja. Yaliyochapwa yako kwa herufi za Kijerumani cha zamani, zinazosomeka kwa kuzoea. Yaliyoandikwa kwa mkono ni shida nyingine kabisa, hata Mjerumani wa leo huyakodolea macho. Nakili kwa kamera ukiruhusiwa, kisha tafuta msomaji. Maneno ya kuwinda ni Schauri (shauri), Wali (liwali), Boma na Gericht (mahakama). Nyaraka za wizara ya makoloni ya Ujerumani ziko Berlin, kwenye Bundesarchiv, fungu R 1001, na sehemu kubwa inasomeka mtandaoni bure.

Kwa Mwingereza omba Kitabu cha Wilaya ya Bagamoyo na majalada ya Sekretarieti. Vitabu vya wilaya viliandikwa na ma-DC waliofuatana, kila mmoja akiongeza aya: liwali nani, analipwa kiasi gani, mahakama yake inakaa wapi, paa linavuja. Makarani wa serikali hawapendi kueleza historia lakini wanapenda kulalamikia gharama, na lalamiko la paa linalovuja mara nyingi ndilo karatasi pekee inayothibitisha kwamba mahakama ilikuwa nyumba fulani mwaka fulani. Usiache gazeti la *Mambo Leo*, lililotoka kuanzia 1923, lenye habari za wilaya kwa Kiswahili.

Kama nyumba iliwahi kuwa ya mtu binafsi, fuata kiwanja katika ofisi ya ardhi na msajili wa hati. Mali binafsi za Wajerumani ziliwekwa chini ya msimamizi wa mali za adui baada ya vita na kuuzwa minadani, kwa hiyo hati inayoanzia miaka ya 1920 haimaanishi nyumba ilijengwa miaka ya 1920.

Wazee

Usiwaulize "ilijengwa lini". Hakuna aliye hai aliyeona. Mzee aliyezaliwa 1940 alikuwa na miaka 24 Mahakama za Mwanzo zilipoanza, na huyo ni shahidi wa kuona, mtumie kwa hilo. Muulize nani alikuwa liwali wa mwisho anayemkumbuka akihukumu, watu walikaa wapi wakisubiri, mlango upi waliingilia washtakiwa, baada ya Uhuru alikuja hakimu gani. Tarehe zifunge kwenye matukio: kabla au baada ya Uhuru, kabla au baada ya Azimio la Arusha, wakati wa vita vya Kagera. Akikuambia "baba alisema", andika hivyohivyo, baba alisema. Na ujue kwamba pwani "ya Mjerumani" mara nyingi ni sifa tu ya ukuta mnene. Uhoji kila mzee peke yake. Ukiwakalisha pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeandika bango.

Saruji

Ndiyo, kuna ubaya, na huenda ndiyo inayoumomonyoa ukuta hivi sasa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linavuta maji kutoka ardhini na kutoka mvua, na maji hayo yana chumvi. Lipu ya chokaa huyaacha yatoke. Saruji inaziba uso, maji yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yanakauka nyuma ya lipu, chumvi inaganda na kuvimba, lipu inabanduka bapa kwa bapa ikiwa na ngozi ya jiwe mgongoni. Fundi anakuja anapiga saruji nene zaidi. Baada ya masika mbili ukuta umeliwa sentimita kadhaa.

Kabla ya kugusa chochote andikia Idara ya Mambo ya Kale, ofisi ya Bagamoyo, upate kibali. Ukikipata, kazi iende hivi. Ondoa saruji iliyolegea kwa patasi na nyundo ndogo, na ile iliyoshikana sana iache, maana ukiing'oa kwa nguvu unaondoka na jiwe. Fanya kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yamepita na vuli bado. Rekebisha kwanza maji: mfereji wa paa, udongo uliolundikana chini ya ukuta kwa nje, na ile sakafu ya saruji iliyobanwa na ukuta. Mchanga uwe wa mto, uliooshwa, si wa ufukweni. Tia maji safi kwenye mchanga uonje maji yake, yakiwa na chumvi rudisha lori.

Chokaa ndipo watu wanapoibiwa. Madukani kuna unga mweupe ambao ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, unafaa kwa mifugo, haushiki kitu. Dondoshea siki au ndimu: ukitoa povu jingi, si chokaa iliyochomwa, uache. Chokaa mbichi iliyotoka tanuuni izimwe kwa maji, kwa tahadhari kubwa ya macho na ngozi, ichujwe, ikae chini ya maji miezi mitatu au zaidi. Ya mfuko iloweke angalau siku nzima. Changanya ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Lowesha ukuta, rushia tabaka la kwanza lisilozidi milimita 12, lisubiri wiki moja au zaidi lishike, kisha la pili. Funika kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa kwa siku 7, lisipigwe jua. Lipu ya chokaa iliyokauka haraka hupasuka na kutoka unga, na lawama huenda kwa chokaa badala ya fundi. Malizia kwa chokaa nyembamba ya maji mara 4 au 5. Rangi ya plastiki ni saruji kwa jina lingine.

Ile mihimili ya nyuma ikiwa inavimba kutu na dari linadondosha vipande, watu wasipite chini yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo inayopasua zege. Wekeni nguzo za muda na mwiteni mhandisi. Lipu haihusiki hapo.

Maneno ya bango

Andikeni mnachoweza kukionyesha kwa kidole. Mfano, kama uchunguzi ukitoa ninachokitarajia: "Nyumba hii ya matumbawe na chokaa ilijengwa kwa awamu. Sehemu ya mbele ni kongwe kuliko ya nyuma, yenye mihimili ya chuma. Ilitumiwa na mahakama ya liwali, na kuanzia 1964 na Mahakama ya Mwanzo. Wakati wa Wajerumani, mkuu wa wilaya alisikiliza kesi bomani." Mgeni hatadai mwaka mmoja wa kujengwa akiona mshono wenyewe ukutani. Neno "inasemekana" lisiwemo, na miaka msiyo na karatasi yake isiwemo. Nakala ya daftari, ramani na picha ziende Mambo ya Kale, ili anayefuata asianze upya.

Bango lenyewe msilipigilie ukutani. Skrubu ya chuma pwani hushika kutu ikapasua jiwe palepale. Lisimame kwenye nguzo yake, mita moja kutoka ukutani, na shimo la nguzo nalo liingizwe kwenye ombi la kibali, kwa sababu kuchimba Mji Mkongwe hata nusu mita kunaweza kuibua msingi wa nyumba nyingine.